Chuo cha Adabu za Urugwai

Siku mke wa kocha wa mpira alipombusu Dominiko shavuni, Dominiko alirudi nyuma hatua tatu, akagonga chuma cha geti, na kofia yake ya ulinzi ikaanguka mchangani. Mama wa watu alikuwa anamshukuru tu kwa kumbebea katoni mbili za maji ya kunywa. Alicheka, akampungia mkono, akaingia ndani. Dominiko akabaki amejishika shavu kama mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Joram aliyaona yote kutoka ndani ya kibanda cha walinzi, mahali ambapo mtu mwenye akili hukaa saa ya jua kali. Joram alikuwa Mkenya, mwenye ulimi wa asali, na kwa miaka mitano alikuwa amelinda geti la nyumba walimokaa kocha na wageni wengine, pembeni mwa Al Mansoura, mjini Doha. Kwa mama yake kule Vihiga alikuwa meneja. Hakuwahi kusema ni meneja wa nini. Alisimamia geti, na geti halikuwahi kulalamika.

"Joram, ndugu yangu," Dominiko akasema, akiingia kibandani bila kofia. "Ile ni nini sasa? Huyu mama ananitaka? Mimi nina bibi Tororo."

"Hakutaki. Amekusalimia."

"Na mdomo?"

"Kocha na mkewe ni watu wa Urugwai. Kwao busu la shavu ni kama sisi kupeana mkono. Hata wanaume kwa wanaume. Sasa wewe umeruka kama umekanyaga nyoka. Umemtukana, buda."

Dominiko alisikitika kweli. Alikuwa mtu wa namna hiyo, akikukanyaga kidole atakuomba msamaha hadi Krismasi. Akakaa juu ya ndoo, akawaza, kisha akauliza swali lililomfanya Joram aache kujipepea: "Sasa hiyo adabu yao, mtu anajifunza wapi?"

Tusimame kidogo hapa. Mambo makubwa ya dunia hii yameanzishwa na maswali madogo, na tapeli wa kweli huyasikia yakipita kama vile mama mzazi anavyosikia mtoto akigeuka usingizini. Joram alilisikia.

Ni lazima mjue alikuwa na shida gani. Wiki saba zilikuwa zimebaki aende likizo, ya kwanza tangu afike Doha. Mama yake alikuwa ameomba kitu kimoja tu: blanketi zito la Uarabuni, lile lenye maua, kama alilo nalo jirani yao ambaye binti yake yuko Saudia. Blanketi Joram alishalinunua, na lilikuwa chini ya kitanda chake ndani ya mfuko wake wa zipu. Lakini mama alikuwa pia amealika shangazi wote, kwaya ya kanisa, na mzee wa mtaa, waje kumpokea meneja. Sanduku la Joram lilikuwa kubwa kama banda la mbuzi, na ukitoa blanketi, ndani yake mlikuwa na manukato ya chupa tatu, makopo manne ya maziwa ya unga, redio, na saa ya mkono ya mjomba. Mkono mtupu haulambwi. Alikuwa amedanganya kwa miaka mitano, na uongo wa miaka mitano unahitaji kilo zote thelathini za tiketi.

"Adabu zao," akasema Joram polepole, "zinafundishwa Ijumaa."

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Chuo cha Adabu za Urugwai, mwaka 2013, kwenye ghorofa ya juu ya mkahawa wa Mhindi mmoja wa Kerala, Al Mansoura, kila Ijumaa baada ya ibada ya kanisani kule Mesaimeer. Chuo hakikuwa na karo, na Joram alijivunia jambo hilo. Wala hakumwambia mtu hata mmoja kwamba kocha anatafuta wafanyakazi. Alisema tu kwamba kocha anarudi kwao mwezi wa tano, kwamba nyumba yake kule ni kubwa mno, na kwamba mkewe hampendi mtu asiye na adabu. Kisha alinyamaza, akatazama dari. Watu wenyewe wakamalizia yaliyobaki, na kufikia Ijumaa ya kwanza walikuwa wanafunzi tisa.

Elimu yote ya chuo ilikuwa katika karatasi moja. Joram aliichapisha kwenye duka la intaneti, ukurasa wa mashauri kwa wageni waendao Urugwai, na mashine ikaishiwa wino katikati. Nusu ya juu ilisomeka vizuri. Nusu ya chini, palipoandikwa habari za zawadi, ilikuwa imefifia kabisa. Joram hakurudi kuichapisha tena. Alisema moyoni kwamba Mungu akifunga mlango wa wino hufungua dirisha la akili.

Somo la kwanza lilikuwa busu. Moja tu, shavu kwa shavu, mdomo ukitoa sauti hewani. Unamsalimia kila mtu mmoja mmoja ukiingia, na kila mtu mmoja mmoja ukitoka, hata wakiwa arobaini. Walijizoeza wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, maana hii ni Doha, na mwenye mkahawa alikuwa anachungulia kutoka jikoni kwa wasiwasi. Mafundi wawili wa Industrial Area waligongana pua hadi mmoja akatoa machozi.

Somo la pili lilikuwa kuchelewa. Ukialikwa chakula saa moja, unafika saa moja na nusu. Wakenya darasani wakasema hilo wanalijua tangu tumboni. Ijumaa iliyofuata wote walichelewa nusu saa kama zoezi la nyumbani, na Joram, kwa kuwa ni mwalimu, akachelewa saa nzima.

Somo la tatu ndilo lililoleta taabu.

"Wana kinywaji chao," akasema Joram, "kinaitwa mate."

Milka, muuguzi wa zahanati moja huko mjini, akainua mkono. "Mate ya nani, Mwalimu?"

"Ni majani, kama chai. Yanawekwa ndani ya kibuyu, na kuna mrija mmoja wa chuma. Kibuyu kinazunguka, wote wanafyonza mrija huohuo."

"Basi jina limefaa," akasema Milka, akaandika.

Joram aliendelea. Kila asubuhi alimwona kocha na kibuyu mkononi na chupa ya maji moto kwapani, kwa hiyo hapa alikuwa na uhakika. "Sasa shikeni hii. Ukimaliza kunywa, unarudisha kibuyu kimya. Usiseme asante. Ukisema asante maana yake umetosheka, hawakumiminii tena. Kama hujasema asante, watamimina mpaka asubuhi."

"Na mrija, Mwalimu?" Aliyeuliza alikuwa Kwamboka, mama wa makamo kutoka Kisii, mpishi katika nyumba za matajiri kule West Bay. Alivaa miwani yenye kamba, na kila neno la Joram aliliandika katika daftari la shule. "Mtu anaruhusiwa kukoroga na huo mrija?"

Joram akachungulia karatasi. "Hauguswi."

"Sawasawa," akasema Kwamboka, akatabasamu kidogo, akaandika.

Joram alimwona kama mwanamke mwenye akili nzito kidogo, anayehitaji kutafuniwa. Namtaja hivi ili mjue tapeli naye ana siku zake.

Siku hiyohiyo, koo likiwa limemkauka kwa kufundisha, Joram aligundua sheria ya nne. Aliwagawia nakala za ile karatasi yake, nusu ya juu tu, akawaambia kwa uso wa msibani kwamba Urugwai anayepokea hutoa. Ukipewa kitu, hata kama ni karatasi, lazima urudishe kitu kabla jua halijazama. Wakamrudishia chai ya karak na sambusa sita. Tangu siku hiyo hakulipia chai tena, na sheria akaipenda kama mtoto wake.

Kisha likafika somo la zawadi, lile la wino uliofifia, na hapo Joram akapaa.

"Huingii nyumba ya mtu wa Urugwai mkono mtupu," akasema. "Mke wa kocha anampima mtu kwa zawadi yake. Siku ya kufuzu, kila mmoja ataleta yake, nami nitamfikishia kwa mkono wangu. Ifungwe vizuri, karatasi ya kung'aa, utepe. Na sheria kuu kuliko zote: zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeitoa. Kamwe. Kufungua hapohapo ni kumwambia mgeni kwamba una njaa."

Kwamboka aliacha kuandika. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. "Haifunguliwi mbele ya aliyeitoa," akarudia. "Una hakika, Mwalimu?"

"Kama ninavyojua jina langu."

"Basi nitaandika na wino mwekundu."

Darasa lilipoisha Dominiko alimngoja ngazini. "Ssebo, nimemwambia bibi yangu habari ya Urugwai. Amefurahi, weh. Anasema hata yeye atajifunza hiyo busu, asinitie aibu kule."

Joram aliona aibu. Si ya kucheza. Ilimkaa kifuani kama ugali usiotafunwa. Alitaka kusema kitu, na angekisema, lakini akakumbuka kwaya, na shangazi, na mzee wa mtaa na fimbo yake. Akampigapiga Dominiko begani, akashuka kwenda kunywa chai ya bure. Wiki mbili zilizobaki darasa lilikuwa na furaha kuliko kawaida, watu wakicheka kila alichosema, na yeye akadhani ni kipaji chake.

Siku ya kufuzu ilikuwa siku ya safari yake. Kocha na familia walikuwa wameondoka Jumanne. Joram alikuwa na ruhusa ya mwajiri ya kutoka nchini, tiketi ya ndege ya saa kumi jioni, na hadithi: anamfuata kocha kwao na zawadi, awatayarishie njia. Alikuja na sanduku lake hadi mkahawani ili atokee hapo moja kwa moja hadi uwanja wa ndege.

Maboksi tisa yalikuwa mezani. Karatasi za dhahabu, utepe mwekundu, utepe wa buluu, moja hata lilikuwa na ua la plastiki. Joram akaliinua la kwanza na mkono ukashuka. Zito. La pili nalo zito. Moyo wake ukaanza kuimba sauti ya tatu kama kwaya.

"Sijui wenzangu wameweka nini," Kwamboka akamnong'oneza pembeni, "lakini Milka nilimwona akitoka soko la dhahabu, mkoba ameukumbatia na mikono miwili."

Joram akameza mate, yale ya kawaida.

Maboksi yakaingizwa sandukuni. Kwamboka, ambaye hakuna alichosahau, alikuwa amekuja na mizani ya ndoano, ile wanayopimia mizigo wasafiri wote wa Doha. Wanaume wawili wakainua.

"Arobaini na moja," akasoma Kwamboka. "Tiketi yako ni kilo ngapi, Mwalimu?"

"Thelathini."

"Basi hapo kuna kazi. Tutoe boksi la nani?"

Watu tisa wakamtazama, kila mmoja kwa macho ya mtu asiyetaka liwe lake. Joram akalitazama sanduku. Maziwa ya unga anajua bei yake. Redio anajua bei yake. Lakini ndani ya yale maboksi kulikuwa na vitu vya watu waliotaka kumpendeza mke wa kocha wa Urugwai, na angalau mmoja wao alikuwa ametoka soko la dhahabu.

"Boksi halitoki," akasema kwa sauti ya mchungaji. "Vyangu ndivyo vitoke."

"Na kweli," akasema Kwamboka, "si wewe ulitufundisha? Anayepokea hutoa, kabla jua halijazama. Sisi tumekupa. Ungeondoka bila kuturudishia ningeshangaa."

Ndipo Joram akagawa, tena kwa tabasamu, maana mtu haonekani akiivunja sheria yake mwenyewe mbele ya wanafunzi. Makopo ya maziwa yakaenda. Manukato yakaenda. Saa ya mjomba ikavaliwa na fundi wa Industrial Area, ikamkaa vizuri. Redio akachukua Milka.

"Thelathini na tano," akasoma Kwamboka.

Lilikuwa limebaki blanketi. Joram alilishika kwa zipu yake, akasimama nalo muda mrefu kuliko ilivyofaa. Alimwona mama yake akilinusa, akilitandika mchana ili jirani alione. Roho ilimuuma. Halafu akajiambia kwamba Nairobi zipo blanketi, na mwenye dhahabu hununua mbili. Akampa Dominiko.

"Banange," akasema Dominiko kwa upole, akilikumbatia. "Mwalimu, hili ni la nani kweli?"

"Ni lako," akasema Joram.

Walimsindikiza wote hadi uwanja wa ndege, hawakumwacha hata dakika moja peke yake na lile sanduku. Kwenye kaunta dada wa ndege akasema kwa sauti kubwa, "Nairobi."

"Inapitia Nairobi," Joram akawaeleza haraka.

"Njia ya Urugwai ni ndefu," akasema Kwamboka, bila kucheka.

Wakamuaga kwa adabu za chuo, mmoja mmoja. Wanawake waliweka mkono kifuani, kwa heshima ya nchi ya watu. Wanaume wakambusu shavu, moja moja, sauti hewani, barabara kabisa. Dominiko alimbusu wa mwisho. Wasomaji waendao kanisani watakumbuka kwamba habari za kusalitiwa kwa busu si ngeni, ila kwa kawaida anayebusiwa ndiye mwenye haki.

Nairobi, mtu wa forodha alipitisha sanduku kwenye mashine, akaikazia macho skrini, akamtazama Joram, akarudi kwenye skrini.

"Unajenga?" akauliza.

Joram akaona ni swali la heshima. Kila atokaye Uarabuni huulizwa. "Polepole," akajibu.

"Haya. Naona umeanza."

Kesho yake mchana alikuwa Vihiga. Kwaya iliimba. Mzee wa mtaa alitoa hotuba juu ya vijana wanaokumbuka nyumbani. Shangazi walikaa mstari wa mbele, mikoba yao ikiwa wazi. Joram, kwa furaha na mazoea ya wiki saba, alimwinamia mama yake akambusu shavuni, chu, hewani, na mama akajipangusa kwa kiganja akauliza, "Na sanduku?"

Dada yake Charity akachana karatasi ya kwanza ya dhahabu. Ndani mlikuwa na karatasi nyingine, na Joram akaitambua: nakala ya somo lake, nusu ya juu. Na ndani ya somo lake mlikuwa na nusu tofali la saruji.

Boksi la pili lilikuwa na tofali. La tatu lilikuwa na tofali lenye chapa ya rangi ya Industrial Area. Charity aliendelea kuchana kwa sababu hakuna aliyemwambia aache, na yalipofika manane kwaya ilikuwa imeanza kutazama viatu vyao. Shangazi mmoja akafunga mkoba wake, na kishikizo chake kikalia ukumbi mzima. Joram alitamani ardhi ifunguke, lakini ardhi ya Vihiga ni ngumu mwezi huo.

Boksi la tisa lilikuwa jepesi. Lilikuwa na kibuyu kidogo, mrija wa chuma, pakiti ya majani, na barua kwa mwandiko wa daftari, wino mwekundu. Charity akaisoma kwa sauti kabla ndugu yake hajamnyang'anya.

"Mwalimu, nimepika miaka minne katika nyumba ya watu wa Urugwai. Habari ya busu ulisema kweli, na kuchelewa ulisema kweli. Lakini kule zawadi inafunguliwa papo hapo, mbele ya aliyeileta, ili auone uso wako ukifurahi. Ungetufundisha hivyo, ungefungua ukatushika, na ungefika kwenu na blanketi. Wenzangu niliwaambia kila kitu siku ileile ya somo la zawadi. Dominiko alilia, kisha akatuambia unakwenda wapi na sanduku lako lina nini. Tuliendelea kuja kwa sababu unachekesha. Majani haya ni ya kweli. Kunywa, na ukitosheka utasema."

Wageni wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyeaga.

Jioni Joram alikaa jikoni kwa mama yake. Mama alikuwa ameshachagua tofali tatu zilizolingana na kuzifanya mafiga, na sufuria ilikaa juu yake imara kabisa. Joram alikuwa amemimina maji moto kwenye kibuyu, akafyonza. Yalikuwa machungu kama shubiri. Simu ikalia. Ilikuwa picha kutoka Doha: Milka ameshika redio, fundi anaonyesha saa, na katikati Dominiko amejifunika blanketi la maua hadi kidevuni, uso unatoka jasho, hacheki. Chini yake Kwamboka aliandika: "Bado hatujakusikia, Mwalimu. Tuendelee kumimina?"

Joram aliitazama picha hiyo muda mrefu, hasa uso wa Dominiko. Kisha akaandika neno moja, asante, akatuma.

"Unamwandikia nani?" akauliza mama.

"Wanafunzi wangu."

"Ati ulikuwa unafundisha? Unafundisha nini?"

"Adabu, Mama."

Mama akasukuma kuni katikati ya tofali, akavuta shuka lake la zamani hadi mabegani. "Basi hao," akasema, "wamefuzu."